Jinsi ya kuomba darasa la Kiingereza Uingereza ukiwa unasubiri hifadhi

Kuna maneno yanayozunguka kwenye hoteli za waomba hifadhi kwamba shule ni ya waliokwisha kupata makaratasi. Yapuuze. Masomo ya Kiingereza kwa wageni, ambayo kila chuo huyaita ESOL, unaweza kuyapata hata kabla ya jibu lako kutoka.

Anza kwa kuangalia unaishi wapi. Scotland na Wales hazikusubirishi: ukishaomba hifadhi unaweza kusoma bila ada. England ndiko kwenye sharti. Ukiwa na miaka 19 au zaidi, kwa kawaida serikali hulipia masomo yako baada ya miezi 6 ya kusubiri uamuzi, na miezi hiyo huhesabiwa tangu ulipoomba hifadhi, si tangu ulipohamia nyumba uliyopo sasa. London na Manchester hujipangia wenyewe fedha za elimu ya watu wazima, kwa hiyo masharti yao yanaweza kutofautiana, uliza chuoni. Ukishapewa hadhi ya mkimbizi, sharti la miezi 6 halikuhusu tena.

Makaratasi si mengi. Beba kadi yako ya ARC, yaani kitambulisho cha mwomba hifadhi, barua ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) inayoonyesha tarehe uliyoomba hifadhi, na chochote chenye anwani yako. Kama ARC imeisha muda, wapigie Migrant Help, shirika linalosaidia waomba hifadhi, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Simu ni bure. Kisha chukua fomu ya Bail 201, ile ya Home Office inayotaja masharti ya kukaa kwako wakati unasubiri, kama ulipewa, usome sehemu ya masharti. Wengi huijua ile inayokataza kazi, lakini kuna watu wachache waliowekewa pia katazo la kusoma. Ukiliona hilo, nenda kwa wakili kwanza, usijiandikishe kimyakimya.

Sasa nenda chuo cha eneo lako, au madarasa ya watu wazima ya halmashauri. Wanafunzi wengi hupokelewa Septemba, na vyuo vingi hufungua tena nafasi Januari na baada ya Pasaka. Foleni ni ndefu, kwa hiyo usingoje miezi 6 itimie ndipo uulize: omba jina lako liwekwe kwenye orodha mapema. Wakati huo unaweza kuhudhuria madarasa ya kujitolea ya makanisani, maktaba na mashirika ya wakimbizi, ambako kwa kawaida hawaulizi miezi wala kadi.

Utaitwa kwenye tathmini, na hapa ndipo watu huharibu. Utasoma kidogo, utaandika mistari michache kujihusu, utazungumza na mwalimu. Hakuna kufaulu wala kufeli. Wanatafuta tu ngazi yako, kuanzia Entry 1 hadi 3, kisha Level 1 na 2. Usikariri insha ya rafiki. Ukipandishwa ngazi usiyoiweza utakaa darasani bila kuelewa, na kushushwa katikati ya muhula kuna usumbufu wake. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tunaongea vizuri kuliko tunavyoandika, kwa hiyo mwambie mwalimu waziwazi asikupime kwa mdomo peke yake. Na kama hukuwahi kujifunza kusoma kwa lugha yoyote, sema. Kuna madarasa ya kuanzia hapo. Kisa cha kukimbia kwenu hakihitajiki. Huyu ni mwalimu, si afisa wa Home Office, na mistari kuhusu siku yako ya kawaida inatosha.

Siku hiyohiyo ya kujiandikisha uliza habari ya nauli. Vyuo vingi vina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasio na kipato kwa basi, vitabu, hata malezi ya mtoto, lakini fedha zake huisha mapema na huenda hakuna atakayekutajia usipouliza.

Ukihamishwa mji mwingine ghafla, kabla ya kuondoka muombe mwalimu barua au hata barua pepe inayotaja ngazi yako na mitihani uliyokwisha kufanya. Chuo kipya huenda kikakupima tena, ila hutaanzia mwanzo kabisa.