Mzazi anayeshtuka usiku, namna ya kumsaidia

Wifi yangu alizaa kwa oparesheni ya dharura, damu ikamtoka nyingi, mtoto salama, sasa sisi hapa Ngamiani, Tanga, tunakoroga uji wa pilipili manga na vigelegele juu, kumbe mwenzetu kila usiku anaamka kalowa jasho anasema anasikia kitoroli cha chuma kinasukumwa. Tukasema shetani huyo. Wapi.

Ukiwa na mzazi wa hivi ndani, anza na mdomo wako. Ile "shukuru Mungu mtoto mzima" iache, inamziba tu. Mwambie nieleze ilikuwaje, halafu nyamaza, akirudia mara kumi sikiliza mara kumi, asipotaka usimchimbe.

Bibi wa kukanda naye aombe ruhusa kabla hajamgusa, aseme sasa nashika mgongo, sasa mguu, maana kule leba alishikwashikwa bila kuulizwa. Akisema basi ni basi, maji yapoe. (Na tumbo lenye mshono msilikande kabisa jamani!)

Picha zikimjia usiku washa taa, mwite jina, akanyage sakafu, ashike kikombe cha maji baridi. "Upo nyumbani, leo Jumatano, mtoto huyu hapa." Usimtikise.

Hesabu siku pia. Kulialia wiki mbili za mwanzo kupo na kunapita, ila ndoto, kushtuka na kukwepa kila kinachomkumbusha leba vikivuka mwezi, huo ni ugonjwa, msongo wa baada ya kiwewe, na hata aliyezaa kawaida unampata. Tiba ipo, kwanza mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, saa nyingine na dawa, na zipo anazoweza kutumia huku ananyonyesha. Dua na kombe (yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani) sawa, ila msiishie hapo. Chanjo ya wiki 6 ndo siku nzuri ya kumwambia nesi, mwombe awaelekeze, kwa Tanga mjini rufaa ya mkoa ni Bombo. Akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto msisubiri chanjo, asiachwe peke yake, hospitali siku hiyohiyo.

Getini hospitali anaweza kugoma. Wifi aligeuka mara mbili, ya tatu tukakaa kwanza nje chini ya mwarobaini mpaka pumzi zikashuka, ndo akaingia. Kaka yangu akabaki kwenye benchi anachezea simu, tukamwinua aingie na mkewe.