Kola la manyoya kutoka tyubu mbili za baiskeli

Tyubu kuukuu ya baiskeli hukatika kwa mkasi kama ngozi nyembamba, na kingo zake hazichomoki nyuzi. Tyubu mbili za inchi 26 zinatosha kola moja pana lenye manyoya mia hivi, yaani vipande vya mpira vyenye umbo la unyoya wa ndege. Tafuta pia kipande cha jinzi kuukuu cha sentimita 30 kwa 30, fulana laini ya pamba na uzi wa poliyesta. Uzi wa pamba hausaidii hapa, maana mpira huusugua hadi ukakatika.

Kwanza ijaribu tyubu. Ivute kwa nguvu na uitazame karibu. Ikionyesha nyufa ndogondogo kama za udongo mkavu, itupe, kwa kuwa itapasuka hata kama umeishona vizuri. Viraka vya pancha si tatizo, utavikwepa wakati wa kukata.

Pasua tyubu kwa urefu upande wa ndani wa duara, ule wenye valvu, kisha kata valvu uitoe. Utapata ukanda wa mita 2 hivi, wenye upana wa karibu sentimita 8. Ndani kuna unga mweupe wa talki uliowekwa ili mpira usigandane. Usugue kwa brashi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kisha rudia. Anika kivulini siku nzima. Ukipangusa kwa kitambaa cheupe na bado kinatoka cheusi, osha tena, la sivyo weusi huo utaishia kwenye nguo ya mvaaji. Usipake mafuta ya petroli kutafuta mng'ao: mpira huvimba na kulegea.

Unyoya mmoja ni sentimita 3 kwa 8. Chora umbo lake kwenye katoni, lifuatishe kwa kipande cha sabuni, ukikata kwa kukingama upana wa ukanda. Mwelekeo huu ndio siri ya kazi yote. Tyubu ina kumbukumbu ya uduara wake, hivyo kila unyoya hujipinda wenyewe. Ukiuweka uso wa nje juu, ncha inalalia mwili. Ukiugeuza, ncha inainuka na kola zima linasimama kama ndege aliyeshtuka. Yote mawili yanapendeza, ila usichanganye katika safu moja. Zungusha mkasi kwenye kona zote. Kona kali ndiyo inayoanza kuchanika.

Kwenye jinzi chora duara mbili zenye kitovu kimoja, ya ndani nusu kipenyo sentimita 7, ya nje 14. Kata, kisha pasua mstari mmoja kutoka nje hadi ndani. Hapo ndipo mgongoni. Kunja sentimita 1.5 kila upande wa mpasuo na ushone. Shingo itabaki na sentimita 41, inayomfaa mwenye shingo ya 38. Kwa shingo nene zaidi, kuongeza sentimita 1 kwenye nusu kipenyo cha duara zote mbili kunakupa takriban 6 zaidi shingoni.

Chora mistari mitatu ya safu, sentimita 13, 10.5 na 8 kutoka kitovuni. Anza na ule wa nje, kama vigae vinavyoanzia ukingo wa paa. Kila unyoya ufunike wenzake kwa sentimita 1. Utatumia takriban 39, kisha 31, kisha 23. Shona nusu sentimita kutoka kichwa cha unyoya.

Cherehani iwe na sindano ya ngozi namba 100, na hatua ya mshono milimita 4. Mshono mfupi hutoboa mpira kama stempu, ukivutwa kidogo unachanika mstari mzima. Mguu wa cherehani utanata juu ya mpira na mishono itasongamana; tandaza karatasi nyembamba juu yake, shona, kisha ichane uitoe. Usitumie pini, kwa sababu tundu la mpira halizibiki. Tumia vibanio vya nguo. Pasi nayo isikaribie kabisa.

Kata bitana ya fulana kwa umbo lilelile na uishone kwa mkono upande wa chini. Usiiruke hatua hii: mpira ukigusa shingo yenye jasho unakera, na tyubu nyingine zimetengenezwa kwa mpira asilia ambao baadhi ya watu wana mzio nao. Mwisho, funika ukingo wa shingo kwa ukanda wa fulana wenye upana wa sentimita 4, uliokunjwa mara nne, uzibe vichwa vya safu ya juu.

Kola litakuwa zito, gramu 300 au zaidi, kwa hiyo kifungo kimoja cha kubana hufunguka mtu akigeuza kichwa. Weka kulabu mbili za chuma, uzishone hadi kwenye jinzi na si kwenye fulana peke yake. Lihifadhi likiwa limelala, mbali na jua. Ukilining'iniza, safu ya nje huvuta jinzi na shingo hupanuka.