Kuvuna maji ya mvua kwa paa la mabati: anza na gata, tangi linunue mwisho

Nairobi hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei, nyingine Oktoba hadi Desemba. Mabati unayo tayari. Kinachowaponza wengi ni mpangilio wa matumizi: pesa zote zinaishia kwa tangi, kisha gata, yaani mifereji ya ukingoni mwa paa, zinafungwa kwa chenji iliyobaki. Tangi la lita 10,000 likilishwa na gata ya inchi 4 iliyolegea halijai hata Aprili.

Hesabu kwanza

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima ardhi iliyofunikwa na paa, usipime mteremko wa mabati. Toa asilimia 15 kwa maji yanayoruka na kukauka. Upande wa paa wa mita 10 kwa 5, mvua ya milimita 20: 50 × 20 × 0.85 = lita 850. Hiyo ni zaidi ya mitungi 42 ya lita 20 kwa jioni moja.

Sasa matumizi. Nyumba inayotumia lita 100 kwa siku humaliza lita 5,000 kwa siku 50. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 122. Kwa hivyo tangi la 5,000 halikuvushi kiangazi. Linakuvusha mgao, na hiyo si haba. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Kama mtaani kwenu mtungi unauzwa shilingi 20, kila tangi la 5,000 linalojaa ni shilingi 5,000 ambazo hukumpa mwenye mkokoteni. Weka bei ya kwenu, uone gharama itarudi baada ya misimu mingapi.

Hatua ya 1: Gata

Kwa kila mita 1 ya mraba ya paa, mdomo wa gata (nafasi ya ndani ukiitazama kwa nchani) uwe na angalau sentimita 1 ya mraba. Gata ya nusu duara ya inchi 6 ina kama sentimita 90 za mraba, inatosha paa letu la mita 50 za mraba na zaidi. Ya inchi 4 ina kama 40 tu, itamwaga.

Bonyeza ubao wa fasia, ule wa ukingoni mwa paa unaoshika gata, kwa bisibisi kabla ya kupiga msumari. Ikizama kirahisi, ubao umeoza na utaangusha gata ikijaa maji. Kisha vuta kamba kutoka ncha hadi ncha na utumie pimamaji, maana fasia nyingi zenyewe haziko sawa na fundi akiifuata kwa macho gata itapanda inapotakiwa kushuka. Mteremko ni milimita 5 kwa kila mita. Gata ya mita 10 ishuke sentimita 5 kuelekea bomba. Vishikio viwe kila sentimita 60. Kwenye maungio, kipande cha juu kilale ndani ya kile cha chini, silikoni ikae katikati kabla ya kupiga riveti. Ukipaka silikoni juu juu baada ya riveti, itabanduka msimu wa kwanza.

Ncha ya mabati iingie ndani ya gata kama sentimita 5. Ikizidi hapo, mvua kubwa inaruka gata nzima. Ikipungua, maji yanarudi nyuma na kulowesha fasia.

Hatua ya 2: Bomba la maji machafu ya kwanza

Mvua ya kwanza huosha vumbi, masizi na mavi ya ndege. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba: paa la mita 50, lita 25. Bomba la PVC la inchi 4 hubeba kama lita 8.5 kwa mita, kwa hivyo unahitaji mita 3. Tatizo ni kwamba ukingo wa paa la nyumba nyingi za chini hauzidi mita 2.7 kutoka ardhini. Tumia la inchi 6, linalobeba kama lita 18 kwa mita, mita 1.4 inatosha.

Weka ti (kiungo cha umbo la T) chini ya gata. Mguu unaoshuka ndio bomba la uchafu, ule wa pembeni unaenda kwa tangi. Chini funga endi kapu (kifuniko cha mwisho wa bomba) ya skrubu yenye tundu la milimita 3, ili bomba lijikaushe polepole kabla ya mvua nyingine. Tundu hilo huziba. Likiziba, bomba linabaki limejaa na uchafu wote unaelekea kwa tangi bila wewe kujua. Fungua kapu baada ya kila mvua kubwa, utoe tope.

Hatua ya 3: Msingi

Lita 5,000 ni tani 5 kwenye duara la kama mita 1.8. Zege liwe mita 2.2 kwa 2.2, unene sentimita 15, na waya wa BRC A142 (wavu wa chuma wa kuimarisha zege) ulioinuliwa kwa vijiwe sentimita 5 kutoka chini, usilale ardhini. Mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, mchanga wilbaro 5, kokoto wilbaro 10. Kwa kila mfuko ni wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto, zilizosawazishwa mdomo.

Uso wa msingi uwe kama sentimita 45 juu ya ardhi ili mtungi uingie chini ya koki. Hapo pima tena: msingi pamoja na urefu wa tangi lazima vibaki chini ya gata, na nafasi ya bomba kushuka. Ndiyo maana tangi linunuliwa mwisho. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kuweka tangi tupu, na usilijaze kabla ya wiki mbili. Fagia vizuri, kokoto moja chini ya tangi la plastiki hutoboa.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Wavu kwenye mdomo wa kuingilia. Koki sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, na njia ya kuoshea chini kabisa. Bomba la kufurikia lilingane na la kuingilia, lifungwe wavu wa mbu, limwage mbali na msingi. Wengi huacha lile la inchi moja lililokuja na tangi, kisha wanashangaa kifuniko kinapobubujika.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Utawala:* Fundi, kwetu ni udongo mweusi. Msingi wa jirani umepasuka katikati. Nifanyeje?

*Jibu:* Mama, udongo huo huvimba ukilowa na kujikunja ukikauka, kwa hivyo zege hubebwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili. Chimba uutoe, mara nyingi sentimita 60 hadi 90 au mpaka ufike murram. Rudisha mawe na murram, ukishindilia kila sentimita 15. Maji ya kufurikia yasimwagwe karibu hata kidogo.

*Jamaa wa Rongai:* Maji yananuka kama mayai mabovu. Nitie dawa?

*Jibu:* Dawa haitasaidia majani yakiwa bado chini yanaoza bila hewa. Mwaga, sugua, suuza, kagua wavu. Ukishajaza maji safi, tia mililita 60 za dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kwa kila lita 1,000, na usubiri nusu saa. Ya kunywa chemsha pia.

*Mwenye nyumba, Umoja:* Naweza kuingiza maji ya kaunti kwenye tangi hilo hilo?

*Jibu:* Ndiyo, ila mdomo wa bomba la kaunti ubaki juu ya maji wakati wote, hata tangi likifurika, yasije yakanyonywa kurudi kwenye laini. Fimbo ya boli koki (koki ya boya inayojifunga maji yakipanda) irefushwe ishuke hadi robo ya tangi. Ukiiacha juu, kaunti itajaza na mvua itakosa pa kuingia.

*Mwanachama mwingine:* Naongezea: kama mgao wenu ni siku moja kwa wiki, robo ni kidogo mno. Weka nusu wakati wa kiangazi, ushushe mvua ikikaribia.

*Swali, Lang'ata:* Paa letu ni la zamani, la asbesto.

*Jibu:* Usilikate, usilitoboe wala kulisugua. Hatari yake ni vumbi likivutwa kwa pumzi. Kazi ya kuliondoa ni ya wenye leseni. Gata ifungwe kwenye fasia pekee, na maji hayo yawe ya choo na kufua.

*Swali, Syokimau:* Tuna borehole ya estate. Kuna haja?

*Jibu:* Pimisha floridi kwanza. Borehole nyingi za Nairobi na viunga vyake huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Ya borehole yaoshe gari na sakafu, ya paa yaende jikoni.