Mkiulizwa kuhusu viungo vya mtoto: ya kufanya kabla ya kutia saini

Upandikizaji wa figo nchini Tanzania ulianza Muhimbili mwaka 2017, ukafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na figo hutolewa na ndugu aliye hai. Kwa hiyo si rahisi mzazi aulizwe kama anaridhia viungo vya mtoto wake aliyefariki vipandikizwe kwa wagonjwa wengine, akiwa hospitali ya Ligula, Mtwara, wala Sokoine, Lindi. Huulizwa ugenini, tuseme India alikompeleka mtoto kutibiwa, tena kwa lugha isiyo yake. Kabla ya lolote, dai mkalimani wa hospitali. Ndugu anayelia pamoja nanyi asibebeshwe kazi hiyo.

Hakikisheni mtoto amekwisha kufariki. Hapa ndipo wazazi wengi huumia, kwa sababu kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto, moyo unapiga. Hiyo ni kazi ya mashine ya kupumulia. Aliye katika koma ubongo wake bado uko hai na anaweza kuzinduka. Ubongo ukishakufa haurudi. Sheria ya India ya mwaka 1994 inataka madaktari wanne wathibitishe, na vipimo virudiwe baada ya saa 6 au zaidi. Kwa mtoto mdogo husubiriwa hata saa 12 au 24. Ombeni kusimama kando ya kitanda wakati wa kipimo cha pumzi: mashine huondolewa kwa dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea kupelekwa, na wote hutazama kifua kama kitanyanyuka chenyewe. Ni kuchungu kutazama. Lakini swali la "je, nilimkatia mwanangu pumzi?" huja usiku, miezi baadaye, na aliyeona kwa macho yake ana jibu.

Kisha pigeni simu nyumbani. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, mjomba asiposhirikishwa msiba huzaa ugomvi, hata kama kisheria saini ni ya baba au mama. Mwambieni mapema, awe Newala au Nachingwea. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kiungo cha maiti kwa idhini yake au ya warithi. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II aliunga mkono jambo hili Roma mwaka 2000, kwa sharti la ridhaa ya hiari. Shehe au padri wenu bado ana nafasi yake, mpigieni.

Muulizeni daktari: viungo gani hasa? Mnaweza kukubali figo na kukataa macho. Hapana pia ni jibu kamili, halihitaji maelezo. Familia hailipi gharama za upasuaji huo wala hailipwi chochote. Akitokea mtu wa kutaja fedha, simamisheni mazungumzo.

Muda ndio huwashangaza wengi. Moyo ukitolewa hudumu saa 4 hadi 6 tu, kwa hiyo timu zote za upasuaji husubiriana, na mwili unaweza kuchelewa siku nzima. Hesabuni hilo mnapopanga ndege na safari ya barabara ya takriban kilomita 560 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara. Mwili hushonwa kama baada ya upasuaji wowote; kuoshwa, kukafiniwa na kuagwa kunawezekana. Ikiwa kifo ni cha ajali, polisi nao lazima waidhinishe.

Macho yana njia yake. Konea, utando mwangavu wa mbele ya jicho, inaweza kutolewa hata moyo ukishasimama, ndani ya saa 6 hivi. Fumbeni kope, wekeni pamba yenye maji safi juu yake, inueni kichwa kwa mto, zimeni feni. Feni ikiachwa inapuliza, konea hukauka ikaharibika.

Msiondoke bila nakala ya fomu ya ridhaa inayotaja kila kiungo. Uvumi wa "wameuza viungo vya mtoto" hufika kijijini kabla ya jeneza. Mtu mmoja anayeaminika, mjomba akiwezekana, aisome mbele ya wanandugu kabla ya kuanua tanga, wazazi wasilazimike kujieleza kwa kila anayekuja kutoa pole.