Somo: picha inayobaki moyoni

Assalamu alaykum. Wengi mmeniletea picha za jua likizama Forodhani. Zinapendeza, lakini nikishaziweka chini sikumbuki hata moja. Picha inayokaa moyoni ina mtu ndani yake, au alama ya mtu, na kitu anachokijali. Zoezi letu litakuwa Pemba, msimu wa karafuu.

Hatua ya 1: Kaa nao kwanza. Piga hodi, amkia, omba ruhusa, kamera ibaki mkobani. Usiku watu wakisharudi shamba, nyumba nzima hukaa mkekani ikichambua karafuu na kutenga vikonyo. Chambua nawe. Vidole vyako vikianza kunukia karafuu, watu wanakusahau kama ni mpiga picha, na kila mmoja anarudi kwenye sura yake. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo mnayoiruka.

Hatua ya 2: Mwanga mmoja. Zima flashi. Taa ya pembeni, au mlango ulio wazi asubuhi, huacha kivuli upande mmoja wa uso na makunyanzi yakasomeka. Saa sita mchana jua letu liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Pumzika.

Hatua ya 3: Sogea kwa miguu, si kwa zumu. Mwaka 1936, huko California, Marekani, Dorothea Lange alimpiga mama mmoja mhamaji picha kadhaa, akizidi kumkaribia. Katika ile iliyojulikana dunia nzima, watoto wawili wamejificha nyuso mabegani mwa mama, na mkono wake uko shavuni. Hema karibu lote limetoka kwenye picha. Wasiwasi umebaki.

Hatua ya 4: Subiri. Karibu na Wete nilimwomba bibi mmoja atabasamu. Akatabasamu, na picha ikawa kama ya kitambulisho. Nilikosea, nikanyamaza. Baadaye mjukuu wake akasinzia ubavuni pake. Bibi hakuacha kuchambua. Mkono wa kulia uliendelea na karafuu, wa kushoto ukavuta ncha ya kanga ukamfunika mtoto miguu. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi nina simu tu.
Inatosha. Futa lenzi, gusa uso wa mtu kwenye skrini ili fokasi ikae hapo, kisha egemea ukuta. Usiku mkono ukitikisika kidogo tu, picha inaharibika.

Nikiifanya nyeusi na nyeupe itagusa zaidi?
Si lazima. Karafuu mbichi ina ukijani na wekundu wake. Ukiuondoa, umeondoa msimu wenyewe. Toa rangi pale inapoliiba jicho, mfano ndoo ya plastiki ya buluu nyuma ya kichwa cha mtu.

Mama analia msibani. Nipige?
Usipige mpaka wenyewe wakuruhusu, na wakikataa, kaa uwape pole. Yule mama wa California, mwaka 1978, alisema alitamani picha ile isingepigwa, wala hakuona senti yake. Hilo linaniuma kila ninapoifundisha. Kwa uchache, mpelekee mtu nakala yake. Bibi wa Wete nilimpelekea yake imechapishwa. Hakuutazama uso. Aliweka kidole juu ya ule mkono wa kushoto, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, huu mkono wa mama yangu."