Unahamia Mombasa? Kagua maji kabla ya kulipa kodi

Kabla hujatoa kodi na amana, fungua bomba la jikoni, onja tone kwa ncha ya ulimi, uteme. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi: sabuni haitoi povu, hita hutoboka mapema, birika hushika ukoko mweupe. Muulize jirani, si mwenye nyumba peke yake, maji ya mfereji huja siku gani na tangi lina lita ngapi. Yasipokuja, utanunua ya mkokoteni, kwa mitungi ya lita 20. Ya kunywa yachemshe, hata yakiwa maangavu.

Umeme wa tokeni, yaani namba unayoingiza kwenye mita, hulipiwa kwa M-Pesa. Hakikisha namba ya mita unayolipia ni ya nyumba yako. Ukikosea tarakimu, tokeni haitaingia.