Kutunza koi Lubumbashi: fuata joto la maji, si kalenda ya Ulaya

Miongozo mingi ya kufuga koi, samaki wa mapambo wenye rangi, imeandikwa Japani na Ulaya, kwa mabwawa yanayofunikwa na barafu Januari na kupata jua kali Julai. Ukiifuata ilivyo hapa Lubumbashi, Kongo, kusini mwa ikweta, utawashibisha samaki mwezi uleule ambao tumbo lao limelegea kwa baridi. Mwaka wetu una mpangilio wake: baridi kavu kuanzia Mei, upepo na vumbi Agosti, joto la Septemba na Oktoba, halafu mvua za Novemba hadi Machi au Aprili. Koi hatengenezi joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, damu yake, usagaji wa chakula na kinga yake vyote vinapoa pamoja nayo.

Hatua ya 1: Ning'iniza kipimajoto bwawani

Kifunge kwa kamba, kiende chini nusu ya kina cha bwawa. Soma asubuhi saa moja na tena saa tisa mchana. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikizidi nyuzi 4 au 5 kila siku, bwawa lako lina kina kidogo mno. Beseni la sementi lenye kina cha sentimita 50 linapendeza uani, lakini Julai linapoa sana usiku na kupanda haraka mchana, na samaki hapumziki. Chimba mita 1.2 hadi 1.5. Hesabu walau lita 1,000 kwa kila koi, kwa sababu huyo unayemnunua akiwa na urefu wa kidole anaweza kufika sentimita 60.

Kulisha kunafuata kipimajoto. Chini ya nyuzi 10, usilishe kabisa. Kati ya 10 na 15, toa chakula chepesi chenye kiini cha ngano, kidogo, mchana jua likiwa limepasha maji, tena si lazima kila siku. Kati ya 15 na 20, mara moja au mbili kwa siku. Kuanzia 20 hadi 27 ndipo wanapokua: mara tatu au nne, chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40. Maji yakipita 28 punguza, na yakifika 30 acha. Kila mlo uishe ndani ya dakika tano. Kinachobaki kitoe kwa wavu.

Bukari (ugali) na mkate usiwape, hata watoto wakikuomba. Wanga huo unachafua maji na kumnenepesha samaki vibaya.

Hatua ya 2: Jua maji yako yanatoka wapi

Maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza matamvua. Yaweke kwenye tanki siku moja au mbili huku pampu ya hewa ikipuliza, au tumia thaiosalfeti ya sodiamu, dawa inayoondoa klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Maji ya foraji (kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine) hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na madini mengi. Yaangushe kutoka juu, yapite hewani, kabla hayajawafikia samaki.

Sasa jambo ambalo miongozo ya nje haiwezi kukuambia kwa sababu haiishi juu ya ardhi yenye shaba kama yetu. Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi nimeona malakaiti, lile jiwe zuri la kijani, limepangwa kando ya bwawa au kuwekwa chini ya maporomoko. Malakaiti ni kaboneti ya shaba. Ikikaa majini huachia shaba kidogo kidogo, na huachia zaidi maji yakielekea kwenye asidi. Shaba inaharibu matamvua kwa kiwango ambacho binadamu akinywa hahisi chochote. Maji yakiwa laini, yaani yenye chokaa kidogo, sumu yake inaongezeka, na mvua zetu zinalainisha maji. Kwa hiyo samaki walioishi vizuri kiangazi chote wanaweza kuanza kulegea Januari, na mwenye bwawa akatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Toa malakaiti yote. Weka mahali pake mawe ya granite au ya mto. Usipitishe maji kwenye bomba la shaba, na yeyote akikushauri salfeti ya shaba ya kuua mwani, mkatalie. Kwa mwani, weka kivuli na punguza chakula.

Hatua ya 3: Baridi, Mei hadi Agosti

Usiku wa Juni na Julai hewa inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi bwawa langu husoma 13 au 14. Kazi yako miezi hii ni kutowasumbua. Usinunue samaki wapya, usisafishe chujio lote kwa siku moja, usibadilishe zaidi ya asilimia 10 ya maji kwa wiki. Bakteria wa chujio wanafanya kazi polepole, na chakula kikizidi, amonia, sumu ya uchafu wa samaki ambayo bakteria hao huivunja, itapanda.

Hatari kubwa iko mwishoni, maji yanapoanza kupata joto. Vimelea wanaamka kabla ya kinga ya koi. Kaa kando ya bwawa asubuhi bila kutupa chakula, uangalie. Koi mwenye shida analala kidogo ubavuni, anajisugua sakafuni ghafla na tumbo linang'aa, kisha anarudi kusimama peke yake karibu na maji yanayoingia, mapezi ameyabana mwilini. Mchukue kwa beseni pana, si kwa kumning'iniza kwenye wavu. Katika mwanga mzuri utaona ute wa kijivu kama vumbi mgongoni, au mishipa myekundu kwenye mapezi meupe.

Mtenge kwenye tanki lenye hewa. Ongeza chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu kingine, kilo 3 kwa lita 1,000, ukigawa mara tatu ndani ya siku moja. Inamsaidia kutengeneza ute na kumpunguzia mzigo wa kusukuma maji nje ya mwili. Baadhi ya vimelea wanavumilia chumvi, kwa hiyo hali isipobadilika, peleka ute chini ya hadubini kwa daktari wa mifugo kabla ya kumwaga dawa yoyote. Kumbuka chumvi haiondoki kwa jua. Inaondoka tu unapobadilisha maji.

Hatua ya 4: Septemba na Oktoba

Huu ndio msimu unaoua ghafla. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaingiza oksijeni kidogo majini. Maji ya nyuzi 25 pwani yanaweza kushika zaidi ya miligramu 8 kwa lita; hapa yanashika kama 7. Usiku mwani nao unatumia oksijeni hiyohiyo. Ukikuta samaki wanahema juu alfajiri na saa nne wako sawa, tatizo ni hewa. Weka pampu ya hewa ifanye kazi usiku kucha.

Umeme ukikatika, pampu ndogo yenye betri iliyochajiwa na paneli ya sola inatosha kuwaokoa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe chujio mara moja. Maji yaliyolala ndani yameoza. Yamwage kwanza, suuza matandiko ya ndani ya chujio kwa maji ya bwawa, ndipo uwashe.

Jakaranda zinachanua wakati huohuo, na maua yake yanaziba mdomo wa chujio usiku mmoja tu. Yachote kila asubuhi. Majivu ya moto wa pori pia hutua bwawani. Yanapandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi inapungua), na pH ikipanda pamoja na joto, amonia ileile inakuwa sumu kali zaidi. Pima amonia na nitriti (sumu nyingine, inayotokana na amonia ikivunjwa) kila wiki; zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Nitriti ikionekana, kilo 1 ya chumvi kwa lita 1,000 inazuia isiingie kwenye damu wakati unabadilisha maji.

Joto hili pia linawaamsha kutaga. Madume yanamsukuma jike ukutani mpaka magamba yanatoka. Weka vifurushi vya nyuzi za plastiki laini ili mayai yagande humo, uvitoe. Kisha badilisha robo ya maji, kwa sababu mayai na manii huchafua sana.

Hatua ya 5: Mvua

Inua ukingo sentimita 15 hadi 20 juu ya ua, ili udongo mwekundu, mafuta ya gari na dawa za bustani visiingie. Weka bomba la kutolea maji yanayofurika, lenye kichujio.

Mvua nyingi inapunguza ugumu wa kaboneti, ile nguvu inayozuia pH isianguke. Uweke usishuke chini ya digrii 4 za Kijerumani (kizio cha ugumu wa maji). Gramu 30 za bikaboneti ya sodiamu kwa lita 1,000 huongeza takriban digrii 1; yeyusha kwenye ndoo, mimina taratibu, na usipandishe zaidi ya digrii moja kwa siku. Mfuko wa mawe ya chokaa ndani ya chujio husaidia kwa muda mrefu.

Ukitaka samaki wapya, nunua sasa. Watenge wiki 3 hadi 4 kwenye maji ya nyuzi 22 hadi 24, maana virusi vya herpesi vya koi hujionyesha kati ya 16 na 28. Wavu na ndoo zao zisiguse bwawa kubwa.

Hatua ya 6: Rangi

Koi wenye rangi walianzia milimani Niigata, na maonyesho ya Tokyo ya 1914 ndiyo yaliyowatangaza. Walichaguliwa kwa ngozi, na ngozi inang'aa kwenye maji safi kuliko kwa chakula chochote. Spirulina (aina ya mwani) na astazanthini (kemikali ya rangi nyekundu) zikiwa chakulani huongeza wekundu wa Kohaku (koi weupe wenye mabaka mekundu) na Sanke (walio hivyo na madoa meusi pia), lakini ukizidisha, weupe unageuka manjano. Wape wiki kadhaa tu maji yakiwa juu ya nyuzi 20, kisha pumzisha.

Hatua ya 7: Aprili

Mvua zikikatika, nyonya matope yote chini, safisha nusu ya chujio, na nusu iliyobaki isubiri wiki mbili. Mkamate kila samaki umchunguze vidonda wakati kinga bado ina joto la kuponya. Anza kuchanganya chakula cha kiini cha ngano maji yakishuka 20, na funga wavu juu ya bwawa, kwa maana korongo na mdiria watamwona haraka koi aliyepungua mwendo kwa baridi.